Mwea: Mji unaoishi kwa zamu ya maji

Anayetoka Nairobi hupita Thika na Kenol, akifika Makutano hupinda kulia kufuata barabara ya Embu. Mwanzoni nchi ni kavu. Vichaka ni vifupi, udongo ni mweusi, na jua la mchana halina huruma. Kisha rangi hubadilika ghafla. Pande zote mbili za barabara hutandaa kijani kibichi kilichokatwa vipande vya mraba, kila kipande kikiwa na kingo zake za udongo na maji yanayometameta katikati. Kushoto, kukiwa hakuna mawingu, kilele cha Mlima Kenya huonekana kwa mbali.

Watoto waliosinzia kwenye kiti cha nyuma huamka hapa. Swali lao huwa moja: "Mbona shamba limejaa maji?"

Jibu lake ni hadithi ya mji wa Wang'uru, ambao wenyeji wengi huuita Ngurubani, na vijiji vinavyouzunguka katika Kaunti ya Kirinyaga. Mvua ya tambarare hii haiwezi kulisha mpunga. Maji yote yanayoonekana hapa yametoka kwingine, yakaletwa kwa mifereji kutoka mito ya Thiba na Nyamindi inayoteremka Mlima Kenya. Mito hiyo ikipungua, shamba hukauka. Shamba likikauka, duka la sare za shule hukosa wateja, bodaboda hukosa abiria, na mzazi huanza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya shule kufunguliwa.

Mfereji uliochimbwa na wafungwa

Mifereji ya kwanza ya Mwea haikuchimbwa na wakulima. Ilichimbwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na watu waliozuiliwa na serikali ya kikoloni kwa kuhusishwa na Mau Mau. Tambarare hii ilijaa kambi. Wanaume walitolewa asubuhi chini ya ulinzi, wakachimba kwa majembe na sururu, wakarudishwa jioni. Mpunga ulianza kustawishwa katika miaka hiyohiyo, na kufikia 1956 mpango wa makazi ya wakulima ulikuwa umeanza.

Baadhi ya waliochimba walibaki na kuwa wakulima. Kila mmoja aligawiwa ekari 4 za mpunga na nafasi ya kujenga kijijini. Kwa mtu aliyetoka kizuizini na kukuta ardhi ya kwao imegawiwa wengine, ekari 4 zenye maji zilikuwa jambo kubwa. Lakini hazikuwa zake. Alizilima kwa leseni, na leseni ilikuja na masharti.

Mpunga ulikuwa zao la lazima. Tarehe za kulima, kupanda na kufungulia maji zilipangwa na ofisi. Mavuno yote, isipokuwa magunia machache ya kula nyumbani, yalipelekwa kwa msimamizi wa mradi, ambaye kuanzia 1966 alikuwa Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji. Bodi ilikata gharama zake za maji, mbegu, mbolea na kulimiwa, kisha ikamlipa mkulima kilichobaki. Mkulima aliyekiuka kanuni angeweza kupokonywa shamba.

Sharti lililoumiza familia zaidi ya yote lilihusu watoto. Kanuni za 1962 zilimruhusu mwenye leseni kuishi na mke wake na watoto wasiooa au kuolewa walio chini ya miaka 18. Mwana akitimiza umri huo, kuendelea kwake kuishi nyumbani kulihitaji idhini. Baba angeweza kufukuza ndege shambani pamoja na mwanawe kwa miaka kumi, kisha siku moja akatakiwa kumwambia atafute mahali pengine. Kijana aliyejua kila kona ya mfereji hakuwa na haki hata ya sehemu ya kujenga kibanda.

Jungu la mama

Kwa akina mama, shida ilikuwa jikoni. Watafiti waliofika Mwea miaka ya mwanzo ya 1970 walikuta jambo ambalo wapangaji wa mradi hawakulifikiria. Familia zilikuwa zimetolewa mahali ambapo mke alikuwa na shamba lake la mahindi, maharagwe na viazi, zikaletwa mahali ambapo karibu kila kipande kizuri cha ardhi kilikuwa cha mpunga, na malipo ya mpunga yaliandikwa jina la mume.

Mke alipalilia, alipandikiza, alivuna. Siku ya malipo, fedha zilienda kwa mwenye leseni. Kuni hazikuwapo kwa sababu miti ilikuwa imefyekwa kupisha majaruba, kwa hiyo zilinunuliwa. Mahindi na maharagwe ya githeri nayo yalinunuliwa. Wanawake wengi waliishia kuuza kimyakimya sehemu ya mpunga waliopewa wa chakula ili wapate pesa za chumvi, mafuta na mboga. Wengine walirudi kwao. Kwenye karatasi mapato ya kaya yalionekana mazuri, huku ndani ya nyumba chakula kikiwa cha kubahatisha.

Somo hilo halijazeeka. Hadi leo, mzazi wa Mwea anayepokea malipo ya mavuno mara moja au mbili kwa mwaka hukabiliwa na hesabu ileile: fedha nyingi kwa siku moja, kisha miezi mitupu. Nyumba inayopangia fedha hizo pamoja, baba na mama wakikaa mezani kabla ya gunia kupimwa, hufika mwisho wa msimu bila deni la dukani. Nyumba ambayo mmoja huenda peke yake kwenye kinu cha mchele na kurudi usiku na nusu ya fedha, watoto wake ndio hurudishwa nyumbani kwa karo.

Mwaka wakulima waliposema basi

Hasira ya miaka mingi ilipasuka mwaka 1998. Wakulima, kupitia chama chao cha ushirika, walikataa kupeleka mpunga kwa Bodi. Walitaka kuuza wenyewe, kupanga wenyewe na kuwa na usemi juu ya ardhi waliyoilima tangu ujana. Mapema mwaka 1999 polisi walifyatua risasi wakati wa makabiliano na watu wawili wakafa.

Wakulima walishinda, ila ushindi ulikuja na gharama zake. Walipochukua usukani, walikuta kwamba kusafisha mifereji mikubwa, kurekebisha malango ya maji na kugawa maji kwa haki ni kazi inayohitaji mitambo, fedha na watu wa kusikilizwa. Mifereji ilianza kujaa matope. Watu wa nje ya mradi nao, wakiwemo vijana waliowahi kukosa nafasi ndani, walifungulia maji na kupanda mpunga pembeni. Mashamba hayo yakapewa jina la "jua kali". Mpunga ukaongezeka, maji yakabaki yaleyale.

Miaka michache baadaye pande mbili zilipatana kugawana kazi. Serikali ilishika mito, vyanzo na mifereji mikuu, huku wakulima kupitia vyama vya watumiaji maji wakisimamia mifereji midogo. Sharti la kumwondoa kijana nyumbani lilipoteza nguvu. Baba sasa angeweza kumkatia mwanawe sehemu ya ekari 4.

Ndipo likazuka swali jipya. Ekari 4 zikigawiwa watoto wanne, kila mmoja hupata moja. Wajukuu je? Na binti aliyepandikiza mpunga tangu darasa la tatu, sehemu yake iko wapi? Katiba ya 2010 inakataa ubaguzi wa kijinsia katika urithi wa ardhi, lakini mikutano mingi ya familia bado huanza kwa kuhesabu wavulana. Wazazi wenye busara hulizungumza jambo hili wakiwa hai na wenye nguvu, watoto wote wakiwepo, badala ya kuwaachia machifu na mahakama.

Usiku wa zamu

Kuelewa mji huu vizuri, inafaa kujua safari ya mpunga. Mbegu huatikwa kwanza kwenye kitalu kidogo. Wakati miche inakua kwa wiki tatu au nne, jaruba hufurikwa maji na udongo mweusi huvurugwa kwa trekta au kwa fahali hadi uwe uji mzito. Kisha miche hung'olewa na kupandikizwa kwa mkono. Mistari ya watu walioinama, magoti ndani ya matope, ndiyo picha inayobaki akilini mwa kila mgeni. Wengi wao ni akina mama wanaolipwa kibarua.

Kutoka hapo ni maji, palizi, mbolea na maji tena, kwa takribani miezi minne, hadi suke linapoinama na kugeuka rangi ya dhahabu. Jaruba hukaushwa, mpunga huvunwa kwa mundu au kwa mashine, kisha huanikwa kwenye maturubai kandokando ya barabara. Msimu mkuu hupandwa kuanzia katikati ya mwaka na kuvunwa kati ya Novemba na Desemba, jambo linalofanya Krismasi ya Ngurubani kuwa na kelele kuliko ya miji mingi.

Mto ukiwa umejaa, yote haya huenda bila maneno. Mto ukishuka, huanza zamu. Mfereji huu hupata maji siku hizi, ule siku zile. Shamba lililo karibu na chanzo hunywa kwanza, na lililo mkiani husubiri. Usiku, tochi huonekana zikitembea juu ya kingo. Ni wazazi waliokwenda kulinda zamu yao, kwa sababu lango likifunguliwa kwa siri huko juu kwa saa mbili tu, mtu wa mkiani hukuta matope yameanza kupasuka. Majirani wamekosana kwa jambo hili, wakasameheana msimu ulipoisha, wakakosana tena.

Bwawa la Thiba, lililojengwa juu huko Rukenya na kuzinduliwa Oktoba 2022, lilikusudiwa kupunguza usiku wa aina hiyo. Ukuta wake una urefu wa mita 40 kwenda juu, na linaweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 15.6. Maji ya msimu wa mvua huwekwa akiba na kufunguliwa wakati wa kiangazi, kwa matumaini kwamba mkulima atapanda mara mbili kwa mwaka na mashamba zaidi yatafikiwa. Hata hivyo, bwawa huhifadhi tu kile mvua ilichotoa, na mashamba ya kungoja maji yanaongezeka kila mwaka.

Njia nyingine ni kutumia maji kidogo. Tangu 2009, wataalamu na wakulima wa Mwea wamekuwa wakijaribu kilimo cha mpunga ambapo mche hupandikizwa ukiwa mchanga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana, na shamba huachwa likauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena. Mbegu hupungua sana, maji hupungua, na mche hutoa machipukizi mengi. Shida yake ni magugu, kwani shamba lisilofunikwa na maji huota nyasi upesi, na anayepalilia mara nyingi ni yuleyule mama.

Watoto na maji ya mfereji

Mfereji ni uwanja wa michezo wa watoto wa Mwea. Huogelea humo, huvua samaki wadogo, hufua humo viatu vya shule. Mchana wa joto, kumkataza mtoto asiingie ni sawa na kumkataza asipumue. Lakini ndani ya maji hayo kuna kichocho.

Kichocho cha hapa ni kile cha tumbo. Mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, yakifika majini huanguliwa, hukua ndani ya konokono mdogo, kisha hutoka na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini. Mtoto huanza kulalamika tumbo, huharisha, pengine kinyesi huwa na damu. Akiachwa kwa miaka, ini na wengu huvimba, na darasani huonekana mzembe kumbe ni mgonjwa. Dawa ipo, huitwa prazikwanteli, na wanafunzi wamekuwa wakipewa shuleni. Mzazi hapaswi kumficha mtoto siku ya dawa kwa kuogopa kichefuchefu. Choo kinachotumiwa na kila mtu nyumbani, pamoja na watoto wadogo, ndicho huvunja mnyororo. Maji ya kuoga yaliyotekwa mferejini yakikaa kwenye ndoo safi isiyo na konokono kwa siku mbili, vijidudu hivyo hufa. Ya kunywa yachemshwe.

Kuhusu mbu, Mwea iliwashangaza wanasayansi. Vijiji vya mpunga vilikuwa na mbu wengi mno kuliko vijiji vikavu jirani, lakini malaria haikuwa nyingi zaidi. Mahali pengine ilikuwa kidogo. Sababu moja iliyotajwa ni ng'ombe. Mbu wengi wa majaruba hayo hupenda kumuuma ng'ombe, hivyo fahali wa kulima aliyefungwa uani huwapunguzia watu mzigo. Pamoja na hayo, chandarua hakina mbadala. Ng'ombe akiuzwa, mbu atatafuta chakula kingine.

Kuna pia konokono mgeni. Tangu 2020, wakulima wamepambana na konokono mkubwa mwenye asili ya Amerika Kusini, anayekula miche michanga usiku mmoja hadi jaruba libaki tupu. Mayai yake ni ya waridi yenye kung'aa, yameshikamana kwenye mashina kama pambo. Watoto huyapenda. Ni vyema wafundishwe kutoyachezea na kumwonyesha mtu mzima yalipo, ili yaharibiwe kabla hayajaanguliwa.

Mpunga ukianza kukomaa huja ndege, makundi ya kweleakwelea yanayogeuka angani kama moshi. Kuanzia alfajiri, watu huamia ndege kwa makelele, makopo na kombeo. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya watoto, na madawati yalibaki matupu. Bado hutokea. Mwalimu anayeona mwanafunzi wake hayupo wiki mbili kabla ya mavuno hahitaji kuuliza alipo.

Kwa familia inayopita

Familia inayosafiri kwenda Embu au Meru inaweza kusimama Ngurubani kwa saa mbili na kuondoka na mengi. Agosti ni mwezi mzuri wa kuona upandikizaji. Novemba hadi Desemba ni wa mavuno. Watoto wanaweza kuonyeshwa tofauti ambayo Kiswahili huitunza vizuri kuliko lugha nyingi: mpunga shambani, mchele dukani, wali mezani. Viatu viwe vya kuchafuka. Mtoto mdogo ashikwe mkono karibu na mifereji mikuu, kwa kuwa maji yanaonekana kutulia lakini yana nguvu, na kingo huteleza.

Mchele wa hapa ni pishori, jina linalohusishwa na mji wa Peshawar. Ni mbegu ya basmati 370, ambayo harufu yake husikika kabla sufuria halijafunuliwa. Kwa sababu bei yake ni ya juu, wapo wanaouchanganya na mchele wa bei nafuu kutoka nje. Mnunuzi achukue punje kiganjani, azipashe kwa pumzi na kunusa. Aangalie kama punje zote ni za umbo moja. Na anunue kinuni au kwa ushirika, anakoweza kuona mchele ukitoka mashineni.

Jioni, baada ya wageni kuondoka, vinu hunyamaza na maturubai hukunjwa. Katika nyumba ya mkulima wa mkiani, chakula huliwa mapema siku ya zamu. Baba au mama huchukua tochi, sweta na jembe, na mara nyingi kijana wa nyumba hufuata nyuma. Miaka sitini iliyopita, kijana wa umri wake alihitaji idhini ili alale hapo. Sasa hakuna wa kumfukuza, ila anajua ukubwa wa shamba na idadi ya ndugu zake. Njiani kuelekea langoni huzungumza na mzazi wake kuhusu kozi ya ufundi huko Thika, kuhusu kukodi ekari moja ya jirani, kuhusu bei ya gunia. Wakifika, huinama na kuweka mikono majini kuona kama yameanza kupanda.

Yakiwa yameanza, hufungua lango, huketi ukingoni na kungoja jaruba lijae.